Chini ya Mwembe: Disiki za zamani na mama asiyekunywa



Juma hili tunaleta jambo ambalo wengine watalicheka. Sisi pia tulilicheka, na ndiyo sababu tunaliandika. Ni habari ya mama mmoja wa kikundi chetu, mwenye miaka 52, anayekusanya disiki za zamani, zile santuri nyeusi ambazo wazazi wetu walizipiga kwenye gramafoni. Jina lake hatulitaji, naye amekubali tulisimulie jambo lake.

Mama huyu anauza sokoni samaki wakavu wanaotoka upande wa Upemba. Anaimba katika kwaya. Hajaonja pombe maishani mwake, wala bia wala lutuku. Lakini chumbani kwake kuna kreti ya mbao yenye disiki zaidi ya themanini, na kila akipata pesa kidogo ya ziada anatafuta nyingine. Anauliza kwa wajane, kwa wazee waliostaafu, kwa watu wanaohama. Akisikia mahali fulani kuna disiki zinazofunika mtungi wa maji, anakwenda na mfuniko mpya wa plastiki mkononi, wabadilishane.

Mwanzo wake ni huu. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa mshahara, na mshahara ule ulikuwa ukichelewa. Siku ulipofika, ulipitia nganda kwanza. Nyumbani kukauzwa radio, zikauzwa bati zilizowekwa kwa ajili ya jiko la nje, kikauzwa hata kikwembe alichopewa mama siku ya ndoa ya dada yake. Disiki hazikuuzwa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuzinunua. Na usiku ambao baba hakuwa amekunywa, alikuwa akiziweka moja moja, anamshika mke wake mkono, wanacheza pale katikati ya chumba watoto wakicheka. Mama anasema aliolewa na wanaume wawili katika mwili mmoja: mmoja wa chupa na mmoja wa disiki.

Baba alipofariki, mashemeki walikuja kabla matanga hayajakwisha. Walichukua kitanda, viti, kinga na cherehani. Wamama, tukumbushane hapa kwamba Kanuni ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987 na iliyorekebishwa mwaka 2016, inamlinda mjane na kumpa haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Siku ile mama huyu hakujua, na sisi hatukuwa karibu kumwambia. Walipofika kwenye kreti waliitazama, wakaicha. Mmoja akasema, "Hiyo ni takataka ya mlevi."

Ndicho kitu pekee cha mume wake kilichobaki. Mama akaweka ahadi mbili: chupa ya pombe haitavuka tena kizingiti cha nyumba yake, na muziki hautatoka. Binti yake alipoolewa, wageni walikunywa munkoyo na soda, na disiki zikazunguka hadi usiku. Wako waliorudi nyumbani wakinung'unika kwamba harusi bila bia ni kilio. Lakini hakuna aliyeanguka mferejini, na hakuna mke aliyepigwa usiku ule kwa sababu ya harusi ile.

Sasa kosa letu. Mwaka uliopita mama huyu aliomba katika likelemba atangulizwe pesa kidogo ili anunue sindano ya mashine yake. Tulicheka. Mmoja wetu akasema, "Wenzako katika umri huu wanaweka pesa ya sanda, wewe unaweka ya disiki." Tukacheka zaidi. Mama akakunja kitambaa chake, akanyamaza, na hakurudia ombi. Aliinunua sindano baada ya miezi minne, kutoka kwenye faida ya samaki.

Mwezi huu amekuja tena mbele yetu, safari hii si kuomba pesa. Kuna kijana aliyefika mjini akinunua disiki za zamani, akazunguka mitaa na gunia. Alipoiona kreti ya mama akataka kuichukua yote kwa mara moja. Bei aliyotaja ilitosha kulipa ada ya mtihani wa serikali wa kitinda mimba na kubakiza pesa ya mfuko mmoja wa unga. Mtoto yuko mwaka wa sita, mtihani hausubiri. Mama alisimama, akatuuliza: "Wamama, niuze au nisiuze?"

Hatukuweza kujibu jambo tusilolijua. Tukaenda kumi na mmoja nyumbani kwake kusikiliza.

Alizitoa moja moja. Chini kabisa zilikuwa zile nzito za mzunguko wa 78, ambazo kila upande una wimbo mmoja wa dakika tatu hivi, na zikianguka zinavunjika kama sahani ya udongo. Juu yake zilikuwa ndogo za mzunguko wa 45, nyepesi, zenye tundu kubwa katikati. Mama akatuonyesha karatasi ya katikati ya moja: Mwenda Jean Bosco. Huyu ni mtu wetu wa Katanga, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 mtafiti mmoja wa muziki, Hugh Tracey, alipita Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamsikia akipiga gitaa na kumrekodi. Gitaa moja tu, lakini ukisikiliza utadhani watu wawili wamekaa. Disiki zake zilisambaa hadi Afrika ya Mashariki na ya Kusini, na Kiswahili alichoimba ni hiki chetu cha Katanga. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari huko Zambia. Watoto wetu wangapi wanalijua jina lake?

Tracey huyohuyo aliwarekodi Waluba na Wakanyok wa kusini mwa Kongo mwaka 1952 na tena 1957. Kazi hiyo imehifadhiwa Afrika ya Kusini, katika taasisi ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954. Ndiyo kusema sauti za bibi na babu zetu ziko kwenye rafu, mbali na sisi, zimeandikwa namba na kufutwa vumbi.

Kisha zikaja za Kinshasa, enzi ilipoitwa Léopoldville. Mama ana moja ya lebo ya Ngoma, iliyoanzishwa na Mgiriki Nicolas Jeronimidis mwaka 1948. Ni lebo hiyo iliyotoa mwaka huohuo wimbo wa Wendo Kolosoy uitwao "Marie-Louise". Wakubwa wetu watakumbuka maneno yaliyosemwa: ukiupiga usiku wa manane, wafu wanafufuka! Wamisionari walikasirika. Mmoja wetu, ambaye babu yake alikuwa katekista, alisema nyumbani kwao wimbo ule ulipigwa mlango ukiwa umefungwa na blanketi limewekwa dirishani. Tulicheka sana, safari hii pamoja na mwenye nyumba.

Zilikuwapo za Kabasele, aliyeimbia uhuru wetu mwaka 1960, na za Franco, aliyefariki mwaka 1989. Tena tuliona jambo moja: karibu sauti zote ni za wanaume wanaoimba juu ya wanawake. Mama akasema, "Ndiyo maana natafuta za wamama." Anazo tano tu: Abeti Masikini, aliyepanda jukwaa la Olympia mjini Paris mwaka 1973, Mpongo Love, Mbilia Bel, mbili, na Tshala Muana, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1958 na kutuaga Desemba 2022. Mutuashi ulipoanza kuzunguka, wamama wawili wenye magoti mabovu walisimama.

Kamina ni mji wa reli. Njia moja inakwenda Lubumbashi, nyingine Kananga hadi Ilebo, na nyingine, iliyounganishwa mwaka 1956, inakwenda Kabalo na upande wa ziwa. Unga na chumvi vilikuja kwa treni, na disiki pia, ndani ya masanduku ya wafanyakazi, zimefungwa katika mashuka. Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Tulipiga makofi mbele ya radio. Lakini urithi huo uko wapi hapa kwetu? Uko juu ya mitungi ya maji.

Sisi Waluba tunapaswa kuelewa jambo hili kuliko wengine. Wazee wa mbudye walikuwa na lukasa, ubao mdogo wenye shanga na michoro. Mtu wa kumbukumbu alipitisha kidole juu ya shanga, na habari za wafalme, safari na sheria zikatoka mdomoni mwake. Asiyejua aliona kipande cha mti tu. Disiki nayo ni ubao wa namna hiyo, na sindano ndiyo kidole. Lukasa ngapi leo ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, na sisi tunaziona katika picha?

Hapo mama mmoja wa maombi akauliza swali lililokuwa mioyoni mwa wengi. "Hizi si nyimbo za dunia? Mama asiyekunywa ataletaje nganda chumbani kwake?"

Swali hilo si dogo, na hatukulikimbia. Mpwa wa mwenye nyumba, mwanafunzi aliyekuwa likizoni, alitusimulia habari ya watu wa mbali sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Washington, Marekani, vijana walipenda muziki uitwao panki, mkali na wa haraka. Muziki huo ulipigwa mahali panapouzwa pombe, na wao hawakuwa wametimiza umri wa kunywa. Mlangoni walichorwa alama nyeusi ya X mkononi ili mwuzaji asiwape. Vijana wale wakaigeuza alama ya kuzuiwa kuwa alama ya heshima: wakajichora wenyewe, maana yake, sinywi kwa sababu sitaki. Mwaka 1981 kundi lao moja, Minor Threat, likatoa wimbo usiotimiza dakika moja, uitwao "Straight Edge", na jina hilo likawa jina la watu wote waliokataa pombe, sigara na bangi huku wakibaki katika muziki wao. Mwimbaji wake, Ian MacKaye, alizaliwa mwaka 1962. Ni mtu wa umri wetu! Na wako mababa na wamama wa miaka hamsini na zaidi ambao mpaka leo wanatafuta disiki zile ndogo kama mama yetu anavyotafuta zake.

Mpwa alitusikilizisha kidogo kwenye simu. Hatutawadanganya, wamama: ni kelele kama bati likiburutwa barabarani. Lakini tulishika neno. Muziki na chupa hawakufunga ndoa. Waliwekwa nyumba moja na mwuzaji wa chupa. Anayetaka anaweza kumchukua mmoja na kumwacha mwingine mlangoni.

Tulishika na neno la pili, la kutuonya sisi tunaokataa pombe. Baadhi ya waliofuata baadaye waligeuza ahadi ile kuwa fimbo, wakawapiga waliokunywa. Ahadi ya mtu ni kwa mkono wake mwenyewe. Mama yetu hamfukuzi jirani mlevi. Anamwambia aache chupa nje, aingie asikilize. Anasema mume wake wa disiki angeishi zaidi kama angekuwa na mahali pa kusikilizia pasipouzwa kitu.

Na kuhusu nyimbo zenyewe: si kila wimbo unafaa. Mama ana disiki tatu ambazo hazipigi, kwa sababu maneno yake yanamdharau mwanamke. Hazitupi. "Mtoto wangu akizikuta," anasema, "nitamweleza kwa nini nilizinyamazisha." Sisi tuliona huo ni uchaguzi wa mzazi mwenye akili.

Basi, auze au asiuze? Tulijadili hadi jua kushuka. Wengine walisema mtoto kwanza, disiki hazina cheti. Ni kweli, na hakuna aliyebisha. Wengine walisema kreti ikishaondoka kwa treni hairudi, na huko Ulaya wako wanaolipa disiki moja ya Afrika bei ambayo hapa ingekuwa ya kreti nzima. Nao walisema kweli. Mwisho tukapatana hivi: mama aliuza disiki nne ambazo alikuwa nazo mbili mbili. Kijana alinung'unika, akapunguza bei, akaondoka, akarudi. Pesa ile ilifikia karibu theluthi ya ada. Iliyobaki ilitoka katika likelemba: mama ambaye zamu ilikuwa yake alikubali kusubiri, na mwenye deni atalipa hadi Septemba. Hatusemi ameshinda. Deni lipo, na samaki wakiadimika litamwuma. Lakini mtoto ameandikishwa, na kreti ipo.

Aliyesema neno la sanda hakuomba msamaha kwa mdomo. Juma lililofuata alikuja na kipande cha flaneli laini, akakiweka juu ya kreti. "Cha kufutia," akasema, kisha akaomba Mbilia Bel.

Kwa wamama wenye disiki nyumbani, haya ndiyo mafundisho tuliyopata kwa mwenzetu:

Zisimamishe kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine. Zikilala zinapinda na zile nzito zinapasuka. Ziweke mbali na jua, bati na moto wa jiko. Zile za 45 zinalegea kwa joto kama mshumaa.

Zishike pembeni kwa viganja. Vidole vyenye mafuta vinaacha alama, na vumbi linashika hapo.

Zifute kwa kitambaa laini kwa kufuata duara. Zikiwa chafu sana, tumia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali, bila kulowesha karatasi ya katikati, kisha zikauke kivulini. Usitumie petroli. Na zile nzito za 78 usizipake spiriti kamwe. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu wadogo wa Asia, na spiriti inauyeyusha. Mama yetu anapenda kusema, "Hata disiki zangu hazinywi. Zikionja pombe, zinakufa."

Sindano ya 78 si sindano ya 45. Ukichanganya, unalima shamba juu ya wimbo.

Pesa ya disiki isitoke katika pesa ya chakula wala ya dawa. Mwenzetu ana kopo lake dogo. Likiwa tupu, haendi kutafuta.

Mwisho, kabla ya kuuza, sikiliza kwanza, na mwite mtoto mwenye simu arekodi. Andika kwenye daftari jina la mwimbaji na la aliyekuwa na disiki ile. Hata ukiiuza, jina libaki nyumbani.

Wamama, kila mmoja wetu ana kitu ambacho wengine wanakiita takataka. Kabla hatujacheka tena katika mkutano, tuulize kimetoka wapi. Na wewe uliye mjane mpya, usikubali kuachiwa kreti tu. Njoo kwetu mapema, tukusindikize kwa viongozi wa mtaa na kwa wanaojua sheria. Safari ile hatukuwa karibu. Tusirudie.

Jumamosi ijayo, baada ya mkutano, tutakaa kwa mama mwenye kreti kuanzia saa nane. Batri ya jua imechajiwa. Kila mtu aje na kikombe chake, munkoyo tutauchanga. Mwenye disiki inayofunika mtungi na ailete. Mfuniko wa plastiki ataupata huko.

Mpaka juma lijalo, mkae na amani nyumbani mwenu.